Prado KZJ95 ya 1997, dizeli, namba B, milioni 17: niichukue au niiache?

MpungaMlimba (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Naishi Ifakara, shamba liko upande wa Mlimba, nalima mpunga. Pikipiki imenichosha, na masika ikishakolea ile barabara anayeijua anaijua. Natafuta gari ya kupita kwenye tope bila kuita trekta. Dalali mmoja wa Morogoro mjini amenitumia picha za Prado ya zamani, ile wanayoita Prado 90. Kadi inasema 1997, injini 1KZ-TE, otomatiki, namba B (usajili wa herufi B). Mita inasoma kilomita 148,000. Bei milioni 17, "maongezi yapo". Rangi inang'aa, siti safi, tairi zina meno.

Nina milioni 20 na chenji, na hiyo ndiyo yote mpaka mavuno. Naombeni mnielekeze niangalie nini kabla sijatoa hela. Fundi wangu wa hapa ni wa pikipiki, msinicheke.

KashataNaKahawa

Ngoja waje wenye ujuzi, mimi nimevuta kiti.

FundiWaNjiro

Mkuu, hizo picha zifute kwenye simu. Rangi na siti ndiyo vitu rahisi kuliko vyote kutengeneza, ndiyo maana vinatengenezwa kwanza. Na mita usiitegemee. 148,000 kwa gari ya 1997 inawezekana, lakini mita inarudishwa kabla soda haijaisha. Angalia raba ya pedeli ya breki, usukani, na ubavu wa siti ya dereva pale mtu anapopanda na kushuka. Raba ikiwa imelika mpaka mistari imefutika, mita inakuongopea. Fungua mlango wa dereva uangalie pembeni kwenye fremu, Wajapani hubandika stika ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilomita. Wanaorudisha mita wengi huisahau kwa sababu hawasomi Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile.

Namba B nayo isikuchanganye. Inakwambia ilisajiliwa lini hapa kwetu, haikwambii imezaliwa lini. Ila kwa namba B maana yake imeshakula barabara zetu zaidi ya miaka kumi, juu ya ile iliyokula Japani.

Sasa msimamo wangu, na huwa naurudia kila siku humu: gari kuukuu ya fowili (ya kusukuma magurudumu yote manne) anza chini, maliza juu. Injini inanunulika. Giaboksi inanunulika. Difu, ile ya kugawa nguvu kwenye magurudumu, ipo Gerezani na Shauri Moyo kule Dar, ipo kila mji wenye gereji. Chesisi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari lote, hainunuliki. Ile ndiyo gari yenyewe, ndiyo yenye namba iliyoandikwa kwenye kadi, na ikishaoza huna cha kufunga injini nzuri juu yake. Kwa hiyo kabla hujawasha, kabla hujafungua boneti, lala chini na tochi.

Kwenye Prado 90 anzia nyuma. Chesisi inapopanda juu kupita difu ya nyuma, na mbele kidogo pale vinaposhikwa vile vyuma viwili vya chini vinavyoshikilia difu, tope linaingia na halitoki. Chukua nyundo ndogo, gonga ukitembea. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufa. Palipokufa sukuma bisibisi. Ikizama, funga tochi yako, msalimie dalali, panda basi.

Kisha namba. Imegongwa ubavuni mwa chesisi, mbele upande wa kulia karibu na gurudumu. Sugua tope uisome mwenyewe, usisomewe. Kama ni dizeli ya 1KZ na ni ndefu ya milango mitano, lazima ianze na KZJ95. Ukikuta RZJ95 au VZJ95, hiyo ilizaliwa na injini ya petroli na mtu akaibadilisha. Siyo dhambi, lakini kadi ina namba ya injini pia, na kama mabadiliko hayakufika TRA, mzigo huo utaubeba wewe siku ya kuhamisha umiliki.

MzeeWaOveholi

FundiWaNjiro nakuheshimu, ila hapa nakupinga. "Injini inanunulika" ni maneno ya mtu mwenye gereji. Mleta mada amesema ana milioni 20 na mavuno bado. Huyu akiuziwa 1KZ iliyopasuka hedi, ule mfuniko wa juu ya silinda, chesisi nzima itamsaidia nini? Atalalia?

1KZ-TE ni mashine nzuri sana, lita 3 zenye tabo, inavuta, na mafuta siyo mbaya. Lakini kila fundi anajua ugonjwa wake. Hedi yake ni ya aluminiamu na haivumilii joto. Ikichemsha mara moja, ukaongeza maji ukaendelea na safari, umeshaipasua. Na ubaya wa hizi Toyota ni kwamba mshale wa joto unakaa katikati palepale hata joto likipanda kiasi. Ukiona umeanza kupanda, habari imeshaharibika zamani.

Kwa hiyo mleta mada, hiki usikiruke. Mwambie dalali unataka kuikuta ya baridi, imelala. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu walikuwa wanakificha: ama inawaka kwa taabu asubuhi, ama inatoa moshi. Subiri ipoe hata kama ni nusu siku.

Ikishapoa fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe safi, yenye rangi ya kuleanti. Ukikuta kutu tupu, mtu amekuwa akiongeza maji ya bomba miaka nenda rudi. Ukikuta mafuta yanaelea, funga. Halafu mfuniko ukiwa wazi, iwashwe. Mapovu machache mwanzoni ni hewa, yatakwisha. Yakiendelea kuchemka bila kukoma na maji yanarushwa nje ukikanyaga mafuta kidogo, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo ni gasketi ukiwa na bahati, hedi ukiwa kama sisi wengine. Chomoa pia kijiti cha oili na uangalie chini ya mfuniko wa kujazia oili: ikiwa imegeuka chai ya maziwa, usiulize bei.

Na kwa kuwa ni otomatiki, kuna jambo moja wengi hawalijui. Oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta ileile, kwenye tanki la chini. Rejeta ikioza kwa ndani, maji yanaingia kwenye giaboksi bila wewe kuona tone chini. Chomoa kijiti cha giaboksi. Oili iwe nyekundu na inayoona. Ikiwa ya waridi na nzito, giaboksi imeshakunywa maji. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, safari yake imebaki fupi.

KasuluDizeli

Mimi nimeendesha hizo gari Kigoma miaka mingi. Nyongeza: taa ya T-BELT kwenye dashi. Ukiweka ufunguo bila kuwasha, lazima iwake pamoja na wenzake halafu izime injini ikiwaka. Kila kilomita 100,000 inawaka kukwambia badilisha mkanda wa taiming. Isipowaka kabisa, balbu imechomolewa ili usiulize. Mkanda ukikatika, vali na pistoni zinakutana, na hiyo ndiyo oveholi bila kupanga. Ukinunua gari yoyote ya mkanda, badilisha mkanda hata kama muuzaji anaapa kwa Mungu.

Jingine ni feni. Injini ikiwa imezimwa na ya baridi, izungushe kwa mkono. Iwe na ubishi kidogo. Ikizunguka huru yenyewe mizunguko kadhaa, ile klachi ya feni imekufa, na hapo ndipo kuchemsha kunapoanzia kwenye vilima.

NyaliKwetu

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu sheria haikubali gari ya kuagiza iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Prado kama hiyo ukiiona ni ya kitambo. Zimebaki kwa wazee na mashirika.

Nataka kumuunga mkono fundi wa Njiro kwa jambo la chesisi. Sisi wa pwani tunajua chumvi. Gari iliyokaa karibu na bahari, juu inang'aa, chini imeisha. Na wenzetu wa Japani wana mikoa ya theluji, wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha baridi, kwa hivyo gari yaweza kufika bandarini ikiwa imeshaanza kuliwa. Sasa ujanja wa wauzaji ni huu: wanachomelea kibati, wanapaka ile rangi nzito nyeusi ya chini mpaka yote inafanana. Ukiona gari ya 1997 chini ni nyeusi tii, mpya, hata nati zimepakwa, kaka, hiyo haikupakwa kwa mapenzi. Chini ya gari mzee panafaa kuwa na tope, na kutu jepesi la juujuu ambalo ukilikwangua unakuta chuma. Hilo ndilo zuri.

DifendaMoja

Mnaongea Prado mpaka povu. Nunua Land Rover 110 yenye 300Tdi ulale. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu, fundi yeyote wa kijijini anaifungua kwa spana mbili.

FundiWaNjiro

DifendaMoja nilijua utakuja. Bodi ni aluminiamu, chesisi je? Chuma. Na ule ukuta wa mbele miguuni kwa dereva? Chuma pia, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu ndipo panaoza haraka zaidi. 300Tdi ni injini ya heshima, sibishi. Ila wengi watamletea Td5, injini iliyokuja baada yake, wamwambie ni ileile. Kwenye Td5 kitu cha kuangalia ni plagi nyekundu ya kwenye kompyuta, chini ya siti. Ichomoe. Ikiwa na oili ndani, oili imepanda kwa waya za nozeli kutoka ndani ya injini mpaka kwenye ubongo wa gari. Anayeuza anaisafisha asubuhi kwa petroli, wiki ijayo imerudi.

Kwa mtu wa Ifakara swali la kwanza siyo gari gani kali. Ni spea ya gari gani inafika Ifakara kwa basi kesho yake. Kwa hilo Toyota hazina mpinzani.

TukuyuDada

Naomba niulize na mimi. Kuna jamaa anauza Land Cruiser iliyokuwa ya tua (ya kubeba watalii) huko Arusha, ile hardtop iliyorefushwa, 1HZ. Bei inavutia. Na ile Land Cruiser 80 ya 1HZ je?

FundiWaNjiro

Dada, 1HZ ni injini ambayo ningemuozesha binti yangu kama ingekuwa mtu. Lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta ya kuizima njiani, tangu 1990 imefungwa kwenye hizo Land Cruiser na spea zake zipo mpaka vijijini. Nzito, haikimbii, mlima wa Kitonga utaupanda huku malori yakikuangalia. Lakini inafika.

Gari ya tua iliyostaafu ni habari nyingine. Imepiga rasta (yale mawimbi ya barabara ya vumbi) za Serengeti na Ngorongoro kila siku ya msimu, imejaa watu na friji. Pale chesisi ilipokatwa ikaongezwa chuma ndipo pa kulala na tochi. Nyufa zinaanza kwenye ncha za kulehemu, nyembamba, zimejaa vumbi jekundu. Futa kwa kitambaa chenye dizeli, ufa unajitokeza wenyewe. Kampuni nyingine zinatunza gari vizuri ajabu na zina daftari la sevisi la kila wiki, omba daftari. Asiye nalo, mwache na gari yake.

Kwa 80, angalia upande wa ndani wa magurudumu ya mbele, yale matufe makubwa. Kama grisi nyeusi nyepesi inatiririka mpaka kwenye rimu, sili zimekwisha na oili ya difu imechanganyika na grisi ya ndani ya tufe. Inatengenezeka, ila ipunguze kwenye bei.

MpungaMlimba

Asanteni wakuu, nasoma kila neno. Swali la kijinga: hiyo fowili nitajuaje kama inafanya kazi nikiwa Morogoro mjini kwenye lami?

KasuluDizeli

Siyo la kijinga, ni swali la maana kuliko yote kwa mtu wa tope. Prado 90 inasukuma magurudumu yote manne muda wote. Kile kirungu kidogo ukiwa H ni kawaida. Ukiweka HL unafunga difu ya katikati, yaani mbele na nyuma vizunguke pamoja, na taa yake lazima iwake kwenye dashi, wakati mwingine mpaka usogee mita chache. Tafuta kiwanja cha vumbi, usifanye kwenye lami kavu ukikata kona. Kisha simama, weka N, shusha LL, uone inatambaa.

Halafu piga magoti uangalie kama propela shafti ya mbele (lile bomba linalopeleka nguvu magurudumu ya mbele) ipo! Usicheke. Kuna watu wanaichomoa eti kupunguza mafuta. Ikichomolewa kwenye hii gari, lazima uitembeze na difu ya katikati imefungwa, la sivyo haiendi. Kwa hiyo ukikuta gari imeachwa HL muda wote na dalali anakwambia "usiguse hicho", umeshajua.

MzeeWaOveholi

Na boljointi za chini mbele, zile bawaba za tufe zinazoshika gurudumu. Kwenye Prado hizi uzito unaivuta, hauikandamizi. Ikichoka inachomoka, gurudumu linalala nje, na wewe uko kwenye spidi. Inua kwa jeki, sukuma gurudumu juu chini kwa chuma kirefu, mwenzako aangalie. Uchezaji wowote, badilisha zote mbili, na usinunue za bei rahisi. Hapo tu ndipo nakataza ubahili.

Tairi kuwa na meno siyo habari. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT. 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. Tairi ya shamba isiyotembea inabaki na meno huku imekauka.

FundiWaNjiro

Makaratasi kidogo halafu ninyamaze. Jina la kwenye kadi liwe la mtu unayemlipa. Gari za namba B mara nyingi zimeuzwa mkono kwa mkono watu wanne na kadi bado ya mwenye kwanza. Kama mwenye kadi ni marehemu, bila msimamizi wa mirathi anayetambulika kisheria usitoe hata ya maji. Angalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari, ni dakika moja kwenye simu.

Na hela. Kwa milioni 20 huwezi kununua gari ya 17. Mkanda, oili zote tano, rejeta, boljointi, bushi, tairi, betri. Gari ya umri huo usipoitengea robo au theluthi ya bei, itajitengea yenyewe. Wewe mwisho wako ni 14.

MpungaMlimba

Wakuu mrejesho. Nilikodi fundi Msamvu tukaenda kuiona asubuhi mapema. Boneti ya moto. Dalali anasema alikuwa anaiosha, ndiyo akaiwasha isogee. Tukamwambia hatuna haraka, tukakaa mpaka ikapoa, uso wake ukabadilika.

Kwa kweli injini nzuri. Imewaka mara moja, moshi kidogo ukakata. Rejeta maji ya kijani, hakuna mapovu. Oili ya giaboksi nyekundu. HL taa inawaka, LL inatambaa, propela ipo. Fundi wangu alishaanza kutabasamu.

Mlango wa dereva kweli kuna stika imechakaa, ya Kijapani, kilomita 196,000. Nikaipiga picha nikamwonyesha dalali. Akasema ni ya gari nyingine.

Chini ni nyeusi tii kama alivyosema mtu wa Mombasa, hata nati. Fundi akagonga kuanzia mbele. Upande wa kulia unalia vizuri mpaka nyuma. Wa kushoto, ulipofika juu ya difu ukabadilika, hata mimi wa pikipiki nikasikia. Akakwangua rangi, kuna kibati kimechomelewa kimefunika urefu wa mkono mmoja. Pembeni ya kibati bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Boljointi ya kulia nayo inacheza.

Dalali papo hapo akashuka mpaka 13. Kabla sijafika stendi alishapiga simu, 12. Wakuu kwa 12 je?

MzeeWaOveholi

Kwa 12 na injini kama hiyo mimi ningefikiria. Mchomeleaji mzuri akikata pote palipooza mpaka kwenye chuma kizima, akaweka chuma cha unene uleule ndani na nje, inatembea miaka.

FundiWaNjiro

Mchomeleaji mzuri yuko wapi Ifakara, Mzee? Na kutu uliloliona ni lile lililokubali kuonekana. Pale pale ndipo difu ya nyuma inaposhikwa. Huyu anapakia magunia ya mpunga, siyo anapeleka watoto shule. Mtu aliyefunika tundu kwa kibati bila kukata uozo, ameuacha unaendelea ndani. Iache.

NyaliKwetu

Iache kaka. Bei ikishuka milioni tano kwa siku moja, mwenyewe anajua zaidi yako.

MpungaMlimba

Nimeiacha. Nimemwambia dalali asante. Natafuta nyingine, hata ya petroli ya 2.7 nitaangalia kama chini ni nzima. Asanteni sana, pesa bado iko benki.

KasuluDizeli

Mkuu, nitumie mawasiliano ya huyo dalali inboksi. Nina KZJ95 yenye chesisi safi kama ya kukaangia mayai, hedi imepasuka tangu mwaka jana. Kwa 10 naichukua hiyo yote nichomoe mashine.